Guangzhou kwa mgeni wa mara ya kwanza: kwa nini wengi wetu hurudi tumeona masoko peke yake?

#1 Kanga Mbili
Salaam wanajukwaa. Kwa miaka kadhaa sasa nafuata mzigo Guangzhou, na kila nikiwa kwenye foleni ya ndege ya kurudi husikia mazungumzo yaleyale: bei ya viatu imepanda, wakala amechelewesha kontena, yuani imetuumiza. Ni nadra kumsikia mtu akisimulia alichokiona. Watu wa Kariakoo, Gikomba, Kampala na Lubumbashi hufikia Xiaobei au Sanyuanli, mitaa ya Guangzhou wanakokaa wafanyabiashara wengi wa Kiafrika, wakazunguka masoko ya jumla tangu yanapofunguliwa hadi yanapofungwa, kisha wakaupita mji wenye zaidi ya miaka 2,200 kama abiria aliyeshuka Chalinze kunyoosha miguu. Huu ndio mji ambao, kuanzia 1757 hadi 1842, ulikuwa bandari pekee ya China iliyoruhusiwa kufanya biashara na Wazungu.

Nina maswali mawili. Kwanza, sababu ni nini? Pili, mtu anayekwenda kwa mara ya kwanza na mwenye siku mbili tatu za kupumua baada ya kufunga mzigo, aanzie wapi? Maoni yangu, ambayo najua yatapingwa, ni kwamba asipande Mnara wa Canton (Canton ni jina la zamani la Guangzhou). Autazame kutoka chini, na fedha ya tiketi aipeleke mji mkongwe.

#2 Kitasa
Sababu ni fedha, Bi Kanga Mbili, na wala haihitaji uzi mrefu. Mtu amekopa mtaji, visa yake ina siku zinazohesabika, na kila usiku wa hoteli unakula faida. Ukimwambia mtu huyo akatazame mahekalu ilhali kiwanda hakijamthibitishia rangi ya bidhaa, atakuona humtakii mema.

#3 Mzee Tufani
Kitasa, hoja ya fedha naikataa. Nauli ya metro, yaani treni za mjini Guangzhou, huanzia yuani 2, Makumbusho ya Mkoa wa Guangdong hayatozi kiingilio, na Kisiwa cha Shamian hutembelewa bure. Mtu anayekula chakula cha jioni Xiaobei kwa bei wanayotozwa wageni hawezi kusema ameshindwa na yuani 2. Kinachowafunga watu ni hofu ya lugha. Kule Xiaobei utampata Mturuki, Mwarabu, Mkongomani na muuzaji Mchina anayekuhesabia bei kwa Kiswahili, lakini ukienda vituo vitatu mbele hakuna anayekuelewa, na mtu mzima hapendi kuonekana mjinga hadharani.

Marekebisho madogo kwa mleta mada: ilikuwa bandari pekee kwa biashara ya baharini na Wazungu wa magharibi. Warusi waliendelea kufanya biashara na China kwa nchi kavu, huko Kyakhta mpakani.

#4 Nahodha Mstaafu
Nawasalimu kutoka Mombasa. Mimi naupinga ushauri wa kuuacha mnara. Una urefu wa mita 600, ulifunguliwa 2010 mji ulipokuwa ukijiandaa kwa Michezo ya Asia, na ndio mrefu kuliko yote duniani. Mtu akisafiri kutoka Afrika Mashariki hadi pale, halafu aambiwe autazame kutoka chini, atawaeleza nini watoto?

#5 Mwanafunzi wa Zamani
Shikamoo Nahodha. Wakati unafunguliwa ulikuwa kweli unashika nafasi hiyo miongoni mwa minara, lakini uliondolewa na Tokyo Skytree wenye mita 634, uliofunguliwa 2012.

Nimesoma Guangzhou, na naomba kuongeza jambo ambalo wageni hulisahau, yaani hali ya hewa. Kuanzia Aprili hadi Septemba mji una joto la mvuke, mvua kubwa na ukungu mwingi, na nimeshuhudia watu wakilipia tiketi ya juu, ambayo hata ile ya kawaida inapita yuani 100, kisha wakapiga picha za wingu. Mwenye nia ya kupanda aende kati ya mwishoni mwa Oktoba na Desemba, na asinunue tiketi kabla ya kuitazama anga ya siku hiyohiyo. Asipopanda, asimame Uwanja wa Huacheng au kando ya maji huko Haixinsha baada ya magharibi, taa zinapowashwa. Upande huohuo yapo Makumbusho ya Guangdong na jumba la opera lililobuniwa na Zaha Hadid, kwa hiyo jioni moja inatosha kuuona mji mpya wote.

#6 Bi Rehani
Mnavutana kuhusu mnara wakati sababu ya kweli ya watu kujifungia Xiaobei ni tumbo. Muislamu akitoka pale haoni chakula. Vile vitafunio vya mvuke vya asubuhi vinavyosifiwa, vingi vina nguruwe, na hata vile vya kamba mara nyingi hutiwa mafuta ya nguruwe. Mimi na wenzangu tumeshinda na njaa kwenye mtaa wa Beijing Road hukohuko Guangzhou huku tukitazama watu wanavyokula.

#7 Mkalimani wa Katanga
Bi Rehani, pole. Tafuta migahawa ya tambi za kuvutwa kwa mkono ya Waislamu wa kaskazini-magharibi, ambayo imetapakaa mji mzima. Utaitambua kwa kibao cha kijani chenye maandishi ya Kiarabu. Mpishi huchukua donge la unga, akalivuta, akalikunja mara mbili, akalivuta tena, na baada ya muda mfupi unaona nyuzi nyembamba zinatumbukizwa kwenye sufuria; bakuli linakujia na nyama ya ng'ombe, giligilani na pilipili ya mafuta. Bei yake ni nafuu kuliko Xiaobei. Kwa hiyo tumbo nalo si sababu, bali ni kisingizio kingine.

#8 Kitasa
Fedha kisingizio, tumbo kisingizio. Baadaye mtatuambia hata usingizi ni kisingizio.

#9 Mkalimani wa Katanga
Usingizi naukubali, ndugu yangu, hasa siku ya kufunga maboksi.

Nirudi kwenye swali la pili la Bi Kanga Mbili. Nikipokea mgeni, naye akawa na siku moja tu, nampeleka mji mkongwe kwa miguu. Tunashuka metro kituo cha Ximenkou, mstari namba 1. Hapo kwa mwendo mfupi unaupata Msikiti wa Huaisheng, Hekalu la Migandi Sita lililoasisiwa 537 na lenye mnara wake wa ghorofa nyingi, na Hekalu la Guangxiao. Mchana tunapanda metro tena hadi Jumba la Ukoo wa Chen, na jua linapopungua tunamalizia Shamian.

Hilo jumba la ukoo lisiachwe. Lilijengwa kati ya 1890 na 1894 kwa michango ya watu wa jina la Chen kutoka wilaya nyingi za mkoa, ili vijana wao wanaokuja mjini kufanya mitihani ya serikali wapate pa kufikia. Mgeni asikimbilie ndani. Asimame uani na kuangalia juu, kwa sababu kazi kubwa iko kwenye mgongo wa paa: umati wa sanamu za udongo uliochomwa na kupakwa rangi, wafalme, wapiganaji, wanawake kwenye roshani, wote wamepangwa kama mchezo wa jukwaani, na chini yao kuna popo na matunda. Ukutani upande wa mbele kuna matofali yaliyochongwa kwa undani hadi nyuzi za ndevu za watu zinaonekana.

#10 Sogora
Umeutaja Msikiti wa Huaisheng ukaupita haraka mno. Huo ndio uliojengwa na Sahaba Saad bin Abi Waqqas mwaka 627, na kaburi lake lipo karibu na Bustani ya Yuexiu, mwendo wa miguu kutoka huko Xiaobei mnakolala. Mtu wa pwani akifika Guangzhou asiende kuzuru, mimi sina la kumwambia. Ijumaa pale utawakuta Waafrika, Waarabu, Wapakistani na Wachina wamejaa hadi bustanini.

#11 Mwanafunzi wa Zamani
Ndugu Sogora, nakubaliana nawe kuhusu kuzuru, lakini tarehe hiyo ni ya mapokeo. Mwaka 627 ni takriban mwaka wa 6 wa Hijra, kabla Makka haijafunguliwa, na ni vigumu kueleza jinsi Sahaba huyo angeweza kuwa China wakati habari zake za Madina zinajulikana. Vilevile, vitabu vya historia ya Kiislamu vinasema Saad, ndiye aliyeliongoza jeshi la Waislamu katika vita vya Qadisiyya, alifariki karibu na Madina na kuzikwa Baqii, makaburi ya mji huo. Wanahistoria wengi huuweka msikiti huo katika enzi ya wafalme wa Tang (618–907) au hata Song (960–1279). Lisilo na ubishi ni kwamba uliungua, ukajengwa upya 1350, na kujengwa tena 1695.

#12 Sogora
Kwamba Saad amezikwa Baqii nalijua, na sijasema Wachina wameandika hati. Hata hivyo wapo wanaosema aliyezikwa Guangzhou ni mtu mwingine miongoni mwa wafuasi wa awali, jina likachanganywa kadiri karne zilivyopita. Wapo pia wanaosema palikuwa mahali pa kumbukumbu tu, na kaburi likaja baadaye. Mapokeo ya watu waliokaa hapo zaidi ya miaka elfu hayafutwi kwa sentensi moja ya mwanafunzi, hata akiwa wa zamani.

#13 Nahodha Mstaafu
Mimi nitazame mnara wa msikiti, maana huo ndio unanihusu. Una urefu wa mita zipatazo 36, mviringo, umepakwa lipu laini bila pambo lolote, na ndani una ngazi mbili za kuzunguka. Wazee wa huko wanasema zamani mto ulipita karibu zaidi na taa ilikuwa ikiwashwa juu kuongoza majahazi. Mwenye macho ya bahari anaelewa mara moja kwa nini wageni walikaa mtaa ule. Na hapo ndipo ilipotoka misafara ya Zheng He, amiri wa China wa karne ya 15, iliyokuja kwetu Malindi na kumchukua twiga.

#14 Mzee Tufani
Nahodha, twiga wa Malindi ni kweli, alifikishwa kwa mfalme 1415. Lakini misafara ile ilikusanyika Liujiagang, karibu na mlango wa mto Yangtze, ikasubiri upepo wa kaskazi kwenye pwani ya Fujian. Guangzhou ilikuwa bandari ya Waarabu na Waajemi karne nyingi kabla ya hapo, na hiyo ni heshima tosha.

#15 Bi Rehani
Kwa faida ya wasomaji: wasio Waislamu kwa kawaida hawaruhusiwi kuingia Huaisheng, nao watauona mnara kutoka barabarani. Wanawake wabebe mtandio mapema. Wakristo nao wana lao. Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililojengwa kwa matale matupu kati ya 1863 na 1888, liko Yide Road, na jumuiya ya Waafrika wanaosali pale ni kubwa.

#16 Kitasa
Yide Road naifahamu vizuri, maana ndiko ninakochukua vinyago vya watoto na mapambo ya sherehe. Sikujua kuna historia pale. Ninachokumbuka ni harufu ya samaki wakavu.

#17 Kanga Mbili
Kitasa, umejibu swali langu la kwanza bila kukusudia. Minara miwili ya kanisa hilo inaonekana ukiwa umesimama mbele ya duka lako la vinyago. Maduka ya samaki wakavu, uyoga na ngisi yako mtaa huohuo, na ni sehemu ya kutazamwa pia: mapezi ya papa na majongoo ya bahari yamepangwa kwa ukubwa kwenye vyombo vya kioo, kila moja na bei yake. Majongoo hayo watu wa Mafia na Unguja wanayafahamu, kwa kuwa nchi zetu zimeuza sana bidhaa hiyo Mashariki ya Mbali.

Hata Sanyuanli mnakopanga vyumba, kuna hekalu dogo lililogeuzwa makumbusho ya wanakijiji waliopambana na askari wa Kiingereza mnamo Mei 1841. Watu wanapita na mizigo mlangoni mwake.

#18 Mzee Tufani
Basi labda sababu si fedha wala lugha, bali hakuna aliyetuambia. Mtu huenda Guangzhou na orodha ya maduka aliyopewa na aliyemtangulia, na huyo naye alipewa na mwingine.

#19 Mkalimani wa Katanga
Sikubaliani kabisa, Mzee. Mimi nawaambia wateja wangu kila siku, nao wananijibu "safari ijayo". Nadhani kuna suala la haya: mtu anaona kutembea mjini ni anasa, na anaogopa picha zake zikionekana nyumbani, anaowadai na wanaomdai watasema ameenda kustarehe.

#20 Mwanafunzi wa Zamani
Hoja ya Mkalimani ina uzito, ingawa haielezi wanafunzi, ambao hawana wadai na bado wengi wanahitimu bila kufika Makumbusho ya Mfalme wa Nanyue, ufalme wa kale wa kusini mwa China. Hapo ndipo ningempeleka mgeni yeyote kutoka Afrika kabla ya mahali pengine. Mwaka 1983 mafundi walikuwa wakisawazisha kilima ili wajenge nyumba, wakalifikia kaburi la mawe la Zhao Mo, mfalme aliyefariki 122 KK. Alizikwa amevishwa vazi lililoungwa kwa vipande zaidi ya 2,000 vya jiwe la jade, vikiwa vimefungwa kwa nyuzi za hariri nyekundu. Unashuka mwenyewe kaburini, vyumba ni vya chini na vyembamba hata unainama mlangoni. Pamoja na mfalme zilikutwa pembe tano za ndovu, ambazo wataalamu wa pale wanazieleza kuwa za tembo wa Afrika.

#21 Nahodha Mstaafu
Tazama basi. Karne ya pili KK, pembe za kwetu ziko Guangzhou, halafu kuna watu wanasema pwani yetu ilijulikana jana.

#22 Mzee Tufani
Taratibu, Nahodha. Afrika si pwani yetu peke yake. Pembe hizo zingeweza kutoka upande wa Bahari ya Shamu au Uhabeshi, zikapita mikono ya Waarabu na Wahindi. Isitoshe, kusini mwa China kulikuwa na tembo zama hizo, kwa hiyo kabla ya kushangilia nataka kujua zilitambuliwaje.

#23 Sogora
Zilitambuliwa kwa umbo na ukubwa, kama ninavyoelewa. Lakini tukikubali zilipita mikono mingi, bado mkono wa kwanza ulikuwa wa Mwafrika.

#24 Bi Rehani
Wanaume mmemaliza msikiti, sasa mko kwenye meno ya tembo. Mgeni mwenye siku mbili bado hajui atalipaje nauli. Aliyekwenda karibuni atueleze, kwa sababu safari yangu ya mwisho wauzaji walikuwa wakiitazama noti yangu kama kitu cha makumbusho.

#25 Mwanafunzi wa Zamani
Samahani, Bi Rehani, una haki. Weka Alipay au WeChat kwenye simu na uiunganishe na kadi yako ya benki ukiwa bado nyumbani, maana namba ya siri ya uthibitisho hutumwa kwenye laini yako ya nyumbani, na ukifika China laini hiyo ikiwa haijawezeshwa kufanya kazi nje, umekwama. Metro, maji ya kunywa, hata vitafunio vya barabarani hulipiwa kwa kuelekeza simu kwenye alama. Noti bado ni halali, hivyo beba ndogondogo. WhatsApp na Google zimefungwa kule, ila anayetumia laini ya nyumbani iliyowezeshwa kufanya kazi nje kwa kawaida huzipata. Kwa ramani tumia Amap.

Pasipoti itembee nawe kila mahali: makumbusho mengi huitaka mlangoni, na kwenye treni za kasi ndiyo tiketi yenyewe. Mizigo hukaguliwa kwa mashine kila unapoingia metro. Usipofikia hotelini, bali kwa ndugu au rafiki, sheria inakutaka ujiandikishe polisi ndani ya saa 24.

#26 Kitasa
Saa 24 hizo ndizo sababu ya watu kubaki Xiaobei, nyie endeleeni kusoma makaburi. Anayefahamika na mwenye hoteli hana wasiwasi wa kusimamishwa.

#27 Kanga Mbili
Nayo ni hoja, Kitasa, na nimeiona kwa macho. Ila mtalii mwenye visa hai na pasipoti mfukoni anatembea Shamian bila kuulizwa neno.

Kwa ambao hawajafika, Shamian ni kisiwa kidogo kilichotengwa na mji kwa mfereji uliochimbwa kati ya 1859 na 1861, kikagawiwa Waingereza na Wafaransa baada ya Vita vya Pili vya Kasumba, ambavyo mataifa hayo mawili yalipigana na China. Majengo ya benki, balozi ndogo na makanisa bado yapo chini ya miti mikubwa. Wenyeji hupenda kupigia picha za harusi pale, na mwishoni mwa wiki mabibi harusi husubiri zamu kwenye ngazi moja. Juni 1925 askari waliokuwa kisiwani waliwafyatulia risasi waandamanaji ng'ambo ya mfereji huohuo. Ukivuka daraja kwenda upande wa pili unaingia soko la dawa za asili la Qingping.

#28 Mkalimani wa Katanga
Kwa wanaokwenda kwa ajili ya Maonyesho ya Canton, maonyesho makubwa ya biashara yanayofanyika majira ya kuchipua na ya vuli tangu 1957, kumbukeni bei za hoteli hupanda wakati huo, na wiki ya kwanza ya Oktoba China nzima iko safarini. Lakini mna bahati moja: karibu na kumbi za Pazhou, yanakofanyika maonyesho hayo, kuna kijiji cha zamani cha Huangpu, ambako meli za Ulaya zilitia nanga. Meli ya Kiswidi ya Götheborg, iliyotoka Guangzhou na chai, hariri na vyombo vya kauri, ilizama 1745 ikiwa imekaribia kabisa bandari ya kwao. Nakala yake ilisafiri hadi Guangzhou 2006. Kijijini kuna vichochoro vya mawe na wauzaji wa maziwa yaliyogandishwa kwa maji ya tangawizi, chakula ambacho hata Bi Rehani atakila kwa amani.

#29 Bi Rehani
Hapo sasa umesema. Na mtu akitaka kujaribu ile chai ya asubuhi ya wenyeji, hata kama atakula mboga na vitamu tu, afuate adabu gani?

#30 Mwanafunzi wa Zamani
Fika mapema, kabla ya saa mbili, kwa sababu wazee hushika meza na magazeti yao na hawaondoki. Utaulizwa unataka chai gani kabla ya kuulizwa chakula. Chai ya kwanza ni ya kusuuzia vikombe na vijiti, unaimwaga kwenye bakuli lililowekwa mezani. Mtu akikumiminia, gonga meza kwa ncha za vidole viwili au vitatu badala ya kusema asante. Maji yakiisha usimwite mhudumu; fungua kifuniko cha birika ukiegemeze pembeni, atakuja mwenyewe kujaza. Na ukiwekwa meza moja na watu usiowajua, usishangae.